Bixente na Mchuzi wa Miji Mitatu

“Mchuzi wangu haujawahi kukatika! Nipeni miji mitatu kwa siku mbili, nipeni jiko lolote, hata la shetani, mkono huu peke yake utaushika mara tatu. Ukikatika hata mara moja, ufunguo wangu wa chama nauweka mezani, na sitaudai tena!”

Maneno hayo Bixente Larrazabal aliyatoa akiwa amesimama juu ya kiti, katika baa ya mtaani kwetu Bilbao, Jumapili baada ya misa, mbele ya watu ambao nusu yao hawakwenda misani. Sisi wa Bilbao tuna sifa zetu. Mmoja wetu akivua samaki wa kidole, akifika nyumbani samaki ameshaota ndevu. Kwa hiyo tulicheka, tukaagiza glasi nyingine. Tatizo ni kwamba aliyeshikwa mkono siku hiyo alikuwa Xanti, shemeji yake, mume wa dada yake, mtu wa Donostia, mji wa ufukweni tunaoshindana nao kwa kila kitu. Na mtu wa Donostia hacheki upesi.

“Umesema mwenyewe, shemeji,” Xanti alimwambia, mkono bado umo ndani ya mkono. “Mkono wako peke yake. Akigusa mwingine, umeshindwa.”

“Na mimi nikishinda?”

“Siku ya ngoma zetu, Januari, nitatembea Donostia nzima nimevaa jezi ya timu yenu.”

“Andaa na kofia, utapata baridi.”

Kwetu dau likishikwa mkono limeshikwa. Hakuna karatasi, hakuna wakili, wala hakuna “nilikuwa nimelewa”. Wote tulikuwa tumelewa, na wote tulisikia.

Niwaeleze kidogo aliyejitia kitanzi ni nani. Bixente ana miaka sitini na minane. Baba yake alikuwa mmoja wa watu waliobeba mawe kwa mabega yao kujenga chumba cha chama chetu cha kupika na kula, Ontza: jiko kubwa, meza ndefu, pipa la divai, na kila mwanachama ana ufunguo wake, aingie apike saa yoyote atakayo, ale na rafiki zake. Bixente mwenyewe alipanda winchi katika kiwanda cha meli akiwa kijana. Huko juu ndiko alikopata mkono mwepesi, maana ukitingisha vibaya bamba la chuma lenye uzito wa tembo, chini kuna watu. Kiwanda kilipofungwa, akashuka kwenda soko la samaki kubeba makreti, na makreti yakamla bega la kulia taratibu, kama panya anavyokula sabuni. Mkewe Edurne alipofariki, akawa hapiki tena nyumbani. Akipika, anapika Ontza. Akiugua, tunajua kwa sababu hajaonekana Ontza.

Ana mtoto mmoja, Eneritz, ambaye kila siku anawachemshia makaroni watoto mia tatu wa shule, kazi ambayo ingemfanya hata mtakatifu achukie chakula. Chama chetu kimefungua mlango kwa wanawake miaka mitatu tu iliyopita, baada ya mikutano ambayo mtu aliipasua kengele ya mwenyekiti. Kanuni ni moja: mzazi akitaka, anampa mwanawe ufunguo, na mwana anaingia bila kulipa chochote. Ufunguo ukirudishwa mezani, umetoka kwenye ukoo. Bixente alikwisha kumwahidi Eneritz ufunguo huo kabla ya Noeli.

Na Eneritz siku ile ya kiti hakuwepo baa.

Safari tulikuwa nayo kila mwaka: watu wa mtaa, basi dogo la kukodi, siku mbili za kula na kutembea. Mwaka huu ikawa mahakama yenye magurudumu. Jumamosi mchana Bixente alipika Bilbao, jikoni kwake Ontza. Samaki mkavu wa chumvi amelowekwa siku mbili, ngozi yake inang'aa. Mafuta ya zeituni kwenye kaango la udongo, kitunguu saumu, pilipili, halafu samaki, halafu kutikisa. Hakuna unga, hakuna maziwa. Ni ngozi ya samaki na mkono, kuzungusha na kuzungusha mpaka mafuta yawe mazito kama tui la kwanza. Na aliyewahi kupika kwa tui anajua maana ya kukatika: unaona vizuri, unageuza kichwa, unarudi unakuta maji huku na mafuta kule.

Haukukatika. Xanti alichovya mkate, akatafuna polepole kama mtu anayehesabu dhambi za mwenzake.

“Moja,” akasema.

Tukapanda basi tukiimba. Karibu na mlima ndipo Garbiñe, mama wa duka la vitambaa, mwanamke ambaye siri kwake ni kitu cha kugawa kama peremende, alipomgeukia Eneritz.

“Mwenzangu, una roho ngumu. Mimi baba yangu angeweka ufunguo wangu dau, ningemshusha hapa hapa barabarani.”

Eneritz aliinuka. Kisha akaenda mpaka kiti cha mbele.

“Baba. Umeweka dau ufunguo gani?”

“Wangu.”

“Si uliniambia ni wangu?”

“Utakuwa wako. Mchuzi haukatiki.”

“Na ukikatika?”

“Eneritz, mimi na mchuzi tumejuana kabla hujazaliwa.”

“Na mimi na wewe tumejuana lini?”

Basi zima tukaanza kutazama milima. Sijapata kuona watu wakipenda milima kiasi kile.

Gasteiz, mji wa pili, tulizunguka. Tuliona kanisa kuu la kale, tukapanda vichochoro vya juu, tukala vijiti vya zeituni na dagaa wa chumvi, tukawatania wenyeji kwamba wao ni wala viazi, nao wakatutania kwamba sisi ni wala maneno. Bixente hakula. Alitembea na kaango lake limefungwa kwenye taulo, kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Eneritz alitembea upande mwingine wa barabara.

Jioni, jikoni kwa chama cha Gasteiz kilichotukaribisha, Bixente alisimama mbele ya jiko akaduwaa. Lilikuwa jiko jipya, kioo cheusi, halina moto, linakubali chuma tu. Weka kaango la udongo juu yake mpaka Kiyama, halipati joto.

“Si ulisema hata la shetani?” Xanti akauliza.

“La shetani lina moto!”

Wakampa sufuria ya chuma ya kupikia watu thelathini, nzito kama toba. Alikunja mikono ya shati akaanza kuzungusha. Tulimwona jasho likishuka kwenye nyusi. Mara mafuta yakaanza kutoka pembeni, mstari mwembamba wa dhahabu, na chumba kizima tukaacha kupumua. Akaitoa sufuria motoni, akaishika kifuani, akaitikisa akiwa ameikumbatia, mguu mbele mguu nyuma, mzee wa watu kama anacheza na bibi harusi mnene. Mstari ukarudi ndani. Mchuzi ukashika.

“Mbili,” Xanti akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa chini.

Watu walipiga makofi. Mimi nilimwona Bixente akichukua glasi kwa mkono wa kushoto. Eneritz naye aliona.

Asubuhi ya Jumapili tulifika Donostia. Hewa safi, ufuo umepinda vizuri kama nyusi za bibi harusi, watu wamevaa kana kwamba wote wana miadi na daktari ghali. Wenzetu walipiga picha kwenye reli nyeupe ya ufukweni, mimi nikakaa karibu na benchi walilokalia mashemeji wawili. Bixente alikuwa anajikanda bega chini ya koti, akidhani hakuna anayeona. Xanti alitazama bahari.

“Shemeji,” akasema, “tuite sare.”

“Nini?”

“Sare. Mbili umeshika. Hakuna mtu Donostia amewahi kushika mbili kwa siku moja, na moja kwenye kile chuma. Twende tukale kwangu, dada yako amepika maharage. Ufunguo wako, jezi yangu, kila mtu na chake.”

Nilimtazama Eneritz. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mikono imeshika mbao ya kuegemea, vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa anasubiri neno moja tu.

Angekuwa mtu wa mahali pengine popote duniani amesema hivyo, Bixente angekubali. Angekuwa Mfaransa, angekubali na kumbusu. Lakini huruma kutoka kwa mtu wa Donostia, asubuhi, mbele ya ufuo wao, mtu wa Bilbao haimezi. Inamkwama kooni kama mwiba.

“Unaogopa jezi,” Bixente akasema.

“Naogopa bega lako.”

“Bega langu limebeba samaki wengi kuliko waliomo humo baharini kwenu.”

“Baba,” Eneritz akasema. “Anko Xanti amesema sare.”

“Nimesikia.”

“Kubali.”

“Neno nimeshalitoa, mwanangu.”

“Mimi ulinipa neno kabla yake!”

Bixente aliinuka, akachukua kaango lake, akaanza kutembea kuelekea mji wa kale. Mwenye jibu hutembea polepole, yeye alitembea haraka.

Chama cha Xanti ni cha zamani na kinajivunia uzamani wake. Wanawake wanakula mezani, lakini mbele ya jiko kuna mstari wa vigae vyekundu sakafuni, na mwanamke hauvuki. Bixente mwenyewe alikuwa mgeni na aliombewa ruhusa. Mwenyekiti, mzee Erramun, alikaa pembeni ya mstari huo na fimbo yake kama mlinzi wa mpaka. Eneritz akasimama, ncha za viatu vyake zikigusa nyekundu.

Jiko lilikuwa la moto, kaango lilikuwa la udongo, samaki alikuwa mzuri. Hakukuwa na kisingizio hata kimoja. Bixente alikaanga vitunguu saumu, akavitoa, akaacha mafuta yapoe, akalaza samaki, akaanza kuzungusha. Mwanzoni ulikuwa ule mkono wa winchi: mwepesi, wa duara, hauna haraka. Mafuta yakaanza kuwa meupe. Xanti alikuwa ameshika mkate hautafuni.

Kisha mkono wa kulia ukapungua. Duara likawa yai. Bixente akahamishia uzito kushoto, lakini mkono wa kushoto haukujifunza kazi hii, ulikuwa unasukuma badala ya kuzungusha.

“Baba, moto mkubwa,” Eneritz akasema kwa sauti ya chini.

“Najua.”

“Punguza. Halafu niachie.”

“Ukigusa nimeshindwa.”

“Baba, bega.”

“Nimesema najua!”

Aliupunguza moto, na kuupunguza kulimlazimu aachie mpini mmoja. Ni hapo tu. Kaango likasimama kwa muda wa mtu kukohoa. Alipolishika tena akainua, bega likakataa. Tulisikia pumzi yake ikikatika kabla ya mchuzi. Mstari wa dhahabu ukatokea pembeni, ukawa miwili, ikazunguka, na ile krimu yote ikavunjika mbele ya macho yetu. Vipande vya samaki vikabaki vinaelea kwenye mafuta, na juu yake madoadoa meupe kama povu la sabuni.

Hakuna aliyesema “tatu”.

Xanti aliweka mkate mezani. Bixente alisimama amelishika kaango, anatazama ndani kama mtu anayetazama kisima alichodondoshea pete. Mezani watu arobaini na ushee, wa kwetu na wa kwao, wana njaa, na chakula ndicho hicho.

Eneritz akavuka mstari.

“Msichana!” mzee Erramun akanyanyua fimbo. “Vigae!”

“Nimeviona, mzee. Mnataka kula vigae au samaki?”

“Kanuni ni kanuni, hapa jikoni mwana—”

“Erramun,” Xanti akamkata bila kugeuka. “Nyamaza, mtoto anapika.”

Eneritz alimtoa baba yake mbele ya jiko kwa kumshika kiwiko, taratibu, bila kumtazama usoni. Akawatoa samaki, akawaweka kwenye sahani. Akachota kijiko cha maji ya vuguvugu akatia kwenye kaango, akachukua chujio la waya lililoning'inia ukutani, akaanza kulizungusha ndani ya mafuta, pale pale katikati, duara dogo, kisha kubwa kidogo, kisha kubwa. Watoto mia tatu wa makaroni walikuwa wamempa mkono usiochoka. Mchuzi ukaanza kurudi kwa aibu, ukakumbuka njia, ukawa mzito, ukang'ang'ania chujio. Garbiñe alitaka kushangilia, nikamkanyaga mguu.

Tulikula. Mzee Erramun aliipangusa sahani kwa mkate mpaka ikaonekana kama imeoshwa, kisha akasema kwamba jambo hili halikutokea na asiandike mtu popote. Bixente hakula. Alisimama, akamshika Xanti mkono.

“Umeshinda, shemeji.”

“Sitaki kushinda hivi. Nimekusamehe, mbele ya watu wote.”

“Si lako kusamehe. Niliwaambia watu, sikukuambia wewe peke yako.”

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Baba na mwana walikaa kiti kimoja, kaango katikati yao. Tulikuwa tumekaribia kwetu Bixente alipofungua mdomo.

“Mchuzi wako ulikuwa mzuri kuliko wangu.”

“Niambie hivyo nikiwa na mahali pa kuupikia,” Eneritz akajibu, akageukia dirishani.

Jumatatu mchana Bixente aliingia Ontza kwa ufunguo wake, akauweka mezani mbele ya wanachama waliokuwepo, akatoka. Wengine tulimwambia mwenyekiti wetu auvunge tu, aseme haukuletwa. Mwenyekiti alisema alikuwepo baa siku ile, na kwenye basi, na kwenye ufuo sare ilipokataliwa, kwa hiyo amekosa mahali pa kuvungia. Eneritz amejaza ombi kama mtu baki. Wadhamini wawili anao, mimi na Garbiñe. Ada ya kuingia Ontza kwa mtu asiye na mzazi ndani ya chama ni euro elfu nne na mia mbili.