Godoro Moja, Jina Moja

Ukimuuliza Kidawa Luqman kazi yake, atakujibu, "Najenga." Hajawahi kubeba hata tofali moja. Kazi yake ni kuhakikisha majengo ya umma yanajengwa na wengine: kumtafuta mkandarasi, kumsukuma, kumkagua, kumtuliza diwani aliyekasirika, kuwapokea wanaume wa mtaani wanaofika na bakkie tatu, yale magari madogo ya mizigo, wakisema bila wao kupewa kibarua hakuna koleo litakaloingia ardhini, kisha kurudi ofisini na kuyaandika yote hayo kwa lugha ya upole. Kwao Tanga wanamwita injinia. Yeye hakatai, maana kumweleza mama yake kwenye simu kwamba ni meneja wa miradi wa mkataba katika wakala wa majengo ya umma kungechukua nusu saa, na mwisho wake mama angesema, "Ndiyo hiyo hiyo injinia."

Mradi uliomkosesha usingizi mwaka huu ulikuwa Amberley, ghorofa tisa katikati ya Johannesburg. Chini kuna duka la jumla la mablanketi, juu yake kanisa, na juu ya kanisa ni vyumba vilivyokatwa kwa mbao na mapazia hadi ukizunguka huko unapotea. Mwenye jengo alikimbia zamani. Lifti ilikufa, likabaki shimo ambalo watu walilifanya jalala. Nyaya za umeme zilipita madirishani kama kamba za kuanikia nguo. Mhandisi alishaandika kwamba ngazi za nyuma zinaachana na ukuta, na kila Juni, baridi ikianza, watu waliwasha majiko ya makaa ndani. Kila aliyelijua jengo lile alijua litakavyoishia likiachwa hivyo hivyo.

Mpango ulikuwa mzuri. Wakazi wangehamishiwa kwenye ghala lililokarabatiwa upande wa Turffontein, wakae miezi kumi na minane, Amberley ivuliwe hadi mifupa na kujengwa upya iwe vyumba vya kupanga vya bei nafuu, kisha warudi. Sheria ya nchi haikuruhusu mtu kuondolewa bila kuonyeshwa pa kulala. Kwa hiyo ilihitajika hesabu ya wakazi, na hesabu hiyo ndiyo iliyokwenda kwa jaji aliyetakiwa kuidhinisha uhamisho.

Kidawa ndiye aliyehesabu, na njia aliitunga mwenyewe. Kwenye miradi iliyotangulia, tangazo la hesabu likitoka, watu walileta mashangazi na binamu kutoka kila kona ili waingie kwenye foleni ya nyumba. Safari hii alisema, sihesabu vichwa, nahesabu magodoro. Aliyelala hapa ana godoro hapa. Godoro moja, jina moja. Walizunguka kwa siku nne, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa sababu magari ya ofisi hayakuruhusiwa kubaki mtaa ule baada ya saa kumi. Kila godoro likabandikwa kibandiko cha kijani. Yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Mkurugenzi wake, Mama Seipati, alimsifu mbele ya mkutano mzima, na jaji akaipokea hesabu. Ghala likawekewa vitanda mia mbili na kumi na viwili, na mlango wake ukafungiwa mashine ya kusoma vidole: kidole kimoja, kitanda kimoja, ili mtu asipangishe nafasi yake.

Kidawa aliona raha, na tusimlaumu. Ni mara ngapi kazi ya umma hukaa sawa hivyo?

Wiki tatu kabla ya kuhama, fundi wa maji alimwomba wakutane Amberley saa kumi na mbili asubuhi ili wafunge bomba kuu kabla watu hawajaanza kufua. Alikuwa hajawahi kufika pale saa hiyo. Alipoanza kupanda ngazi alilazimika kujibana ukutani, kwa sababu watu walikuwa wanashuka: washona nguo, wasusi, wauza soksi, wamejifunga skafu hadi puani. Na katikati yao watu wengine walikuwa wanapanda: walinzi wenye magwanda na rungu kiunoni, wapishi wa mikate, wasafishaji wa hospitali, macho mekundu. Wanaoshuka na wanaopanda walisalimiana kwa majina. Ghorofa ya nne alimwona mlinzi mmoja, Gaston, akipokea ufunguo kutoka kwa kinyozi aliyekuwa anatoka, na kupitia mlango uliobaki wazi alimwona anainama, anashika godoro lenye kibandiko cha kijani, analigeuza juu chini, kisha anavua viatu na kulala.

Kidawa akaketi kwenye ngazi palepale. Fundi akadhani amepata kizunguzungu.

Hakuwa na kizunguzungu. Alikuwa anajiuliza alisahau vipi. Miaka kumi na mbili iliyopita, alipofika mji huu na begi moja na barua ya chuo, alilala mtaa wa La Rochelle, kusini mwa mji, kwenye godoro la mwanamke wa Lubumbashi aitwaye Marcelline. Marcelline alisafisha hospitali usiku, Kidawa alisoma mchana. Miaka miwili walikutana mlangoni tu, asubuhi na jioni. Anayeamka alikuwa na wajibu mmoja: kugeuza godoro, ili mwenzake asilalie joto la mtu mwingine. Ndiyo iliyokuwa heshima yao. Kidawa alimwambia "shikamoo dada", na Marcelline, ambaye hakuwahi kujifunza kuitikia marahaba, alijibu "bonjour" na kuanguka kitandani.

Na Marcelline sasa alikuwa anaishi hapa hapa Amberley, ghorofa ya sita. Kidawa mwenyewe ndiye aliyebandika kibandiko chake, na siku ile walikumbatiana na kucheka.

Akapanda. Marcelline alikuwa ndiyo kwanza ameingia, bado na sare ya bluu ya kazi. Pembeni yake binti mwenye tumbo kubwa alikuwa anajitanda kitenge tayari kutoka. Aliitwa Murielle, msusi, mimba ya miezi saba.

"Dada, nilipokuuliza ulisema unalala peke yako."

"Ni kweli. Nikilala, niko peke yangu." Marcelline alicheka, kisha akaona uso wa Kidawa akaacha. "Petite, mdogo wangu, tungesema nini? Kama tungesema godoro moja iko na bantu babili, mungesema nyumba imejaa sana, mungetufukuza. Shiye kila pahali tunajifanya kidogo. Ndio tunaishi."

"Nyumba nzima?"

"Karibu nyumba nzima."

Kwa wiki moja Kidawa alipita mlango kwa mlango alfajiri, bila gari la ofisi na bila kumwambia mtu ofisini. Akapata watu mia nne na mmoja. Waliokuwa nje ya orodha ni mia moja themanini na tisa, na wengi wao walidhani kule ghalani wataendelea kupokezana kama kawaida. Hakuna aliyewaambia habari za mashine ya vidole, kwa kuwa ofisini hakuna aliyejua kwamba wapo; Kidawa ndiye aliyewaambia.

Akapeleka daftari kwa Mama Seipati, akafunga mlango, akasema kila kitu. Mama Seipati si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alikuwa ameupigania mradi ule kwa miaka sita, akiwa chini ya mameya wasiokaa. Alisoma ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

"Eish, Kidawa. Ulihesabu wewe."

"Nilikosea. Nataka tuirudishe kwa jaji."

"Tukiirudisha, itasikilizwa Agosti, tena tukibahatika. Mwaka wetu wa fedha unafungwa Juni thelathini. Fungu ambalo halijaanza kutumika siku hiyo linarudi hazina, na mkandarasi anaondoka. Watu wako mia nne watabaki mle ndani na majiko yao, kwenye ngazi zile. Unataka hivyo?"

"Na nikitia saini, karibu mia mbili wanalala barabarani, katikati ya baridi."

"Najua kuhesabu," alisema Mama Seipati taratibu. "Niambie mlango wa tatu uko wapi, nitaupita na wewe."

Kidawa aliutafuta. Alipiga simu kwa kila ghala, kila ukumbi, kila kanisa. Msikiti mmoja ulikubali kuwapokea wanaume kumi na wawili kwa wiki mbili. Mkandarasi wa ghala alisema vitanda vya juu kwa juu vinawezekana, lakini mkaguzi wa zimamoto alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Mwanasheria alimwambia asithubutu kuandika idadi mpya mahali popote. Na juu ya yote hayo kulikuwa na jambo ambalo Kidawa aliona aibu hata kuliwaza: mkataba wake huhuishwa kila Julai mosi, na kibali chake cha kukaa nchini kinaning'inia kwenye mkataba huo. Kila alipojiambia kwamba anawafikiria watu wa Amberley, sauti ndogo ilimuuliza, una hakika hujifikirii mwenyewe? Alikuwa hana hakika. Alikosa hamu ya kula, akawa anakunywa chai tupu na kumjibu mama yake kwenye simu kwa neno moja moja.

Kanuni ziliacha tundu moja tu. Kabla ya kuhama kulikuwa na siku tatu za masahihisho, kwa ajili ya majina yaliyoandikwa vibaya. Kidawa aliweka meza kwenye lango la Amberley, akaketi na kalamu na mashine ndogo ya kusajili vidole. Siku ya kwanza walikuja watano wenye makosa ya herufi. Siku ya pili, saa moja asubuhi, akaja Marcelline na sare yake ya bluu, amemshika Murielle mkono.

"Futa jina yangu. Andika yake."

"Dada, siwezi. Haya ni masahihisho tu."

"Basi nisahihishe." Marcelline aliinama juu ya meza. "Ulikosea kuandika. Mwenye godoro ni Murielle. Mutoto anazaliwa mwezi wa nane. Atazaliwa ku barabara?"

Kidawa aliandika. Alikata jina la mwanamke aliyempa nusu ya godoro lake kwa mstari mmoja ulionyooka, maana alifundishwa kukata hivyo ili lililokatwa lisomeke. Murielle akaweka kidole kwenye mashine. Ikalia kidogo na kuwaka taa ya kijani.

Habari zilipanda ngazi haraka kuliko maji ya jengo lile yalivyowahi kupanda. Hadi jioni ya siku ya tatu magodoro thelathini na moja yalikuwa yamebadilishwa jina, watu wakija wawili wawili. Gaston alimwachia kinyozi wake, ambaye ana kifua. Mpishi mmoja wa mikate, Joël, alimwachia kaka yake. Hakuna aliyepiga kelele wala kumtukana Kidawa. Walimshukuru. Shukrani zile zilimuumiza, akatamani wamtupie hata kopo.

Marcelline alisubiri hadi foleni ilipokwisha.

"Na wewe utalala wapi, dada?" Kidawa alimuuliza.

"Mchana weye uko wapi?"

"Kazini."

"Na kitanda yako, mchana iko na nani?"

Kidawa anaishi Turffontein, chumba kimoja na jiko, kitanda cha sita kwa sita alichojinunulia alipopata kazi hii. Kitanda hicho kilikaa tupu kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni. Alitoa ufunguo wa akiba kwenye pochi, akamkabidhi.

Tarehe ishirini na nane Juni aliamka, akageuza godoro. Lilikuwa zito kuliko lile la La Rochelle, alilisukuma kwa bega. Akatandika shuka safi, akafunika chapati mbili kwa sahani. Mlangoni wakapishana.

"Shikamoo dada."

"Bonjour," alisema Marcelline, akavua viatu.

Ofisini hati ilikuwa mezani. Ilikuwa na kurasa nyingi, lakini iliyodai saini yake ilikuwa sentensi moja: kwamba wakazi wote wa jengo wamepatiwa mahali pa kulala. Mama Seipati alisimama dirishani, amempa mgongo, labda kwa huruma. Kidawa alisoma neno "wote" mara nyingi. Kati ya waliokosa kitanda ghalani, sentensi ile ilikuwa kweli kwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa amelala Turffontein saa hiyo, kitandani kwake Kidawa. Aliwaza Agosti. Aliwaza ngazi za nyuma. Aliwaza Julai mosi, akajichukia. Kisha akatia saini.

Mabasi yakaja kesho yake, na malori, na walinzi. Watu mia mbili na kumi na wawili waliingia ghalani mmoja mmoja, taa ikiwaka kijani kwa kila kidole. Waliobaki walisimama upande wa pili wa barabara na mabegi yao ya plastiki yenye mirabaraba, wanatazama. Saa nane mchana mkandarasi alifunga lango la Amberley kwa mnyororo, akampa Kidawa mkono na kumpongeza. Wale wa upande wa pili wakaanza kuondoka kwa makundi madogo, wengine kuelekea stendi ya teksi, wengine bila kuelekea popote.

Alifika nyumbani giza linaingia. Marcelline alikuwa amevaa sare, anafunga skafu tayari kwenda zamu. Sahani ya chapati ilikuwa imeoshwa. Godoro lilikuwa limegeuzwa, na shuka limenyooshwa hadi pembeni.

"Ulitia saini?"

"Nilitia."

Marcelline alimtazama kidogo, akachukua mkoba wake.

"Basi lala, petite. Nimekugeuzia."

Mlango ukafungwa. Kidawa alivua viatu, akaenda hadi kitandani, akapapasa shuka lililopoa. Akachukua mto, akalala chini sakafuni.