Sungura Ndani ya Boksi la Bluu

Elfu kumi na mbili za boksi, elfu sita za nauli, kitenge kimoja cha mke wangu, na rafiki pekee wa dada yangu: hiyo ndiyo gharama ya kumsafirisha sungura mmoja kutoka Mtwara mjini hadi Kitaya. Nimehesabu mara mbili, jumla ni ileile. Naona aibu kuisimulia, lakini nikikaa nayo peke yangu inanizidi, kwa hiyo sogeeni, chekeni mapema, kwa sababu huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Dada yangu Hilda ni mwalimu. Alihamishiwa Kitaya, kule mtoni mpakani na Msumbiji, akaondoka na fuso lililobeba vitanda, kabati na binti yake Glori, ila dereva akamkataa sungura (alisema habebi kitu kinachokojoa bila taarifa). Basi sungura akabaki kwangu. Jina lake Diwani, kwa kuwa anakula, analala, na ukimwuliza jambo anachezesha pua tu. Wiki haikuisha Hilda akapiga simu: Glori hali vizuri, hasemi na mtu, anamtaka Diwani wake.

"Kaka Festo, mlete," akasema, "lakini nakuomba uje kistaarabu. Mimi hapa mgeni, sina mtu ila jirani mmoja, Shukuru, mke wa bwana shamba. Ndiye aliyenionyesha maji yanachotwa wapi, ndiye ninayesali naye. Na mwenzio kafiwa na kichanga juzijuzi, uzao wake wa kwanza, bado hajakaa sawa. Usije ukanipotezea huyo kwa utani wako wa sokoni."

"Mimi tena?" nikamjibu.

Sasa tatizo likawa chombo cha kumbebea. Tenga la kuku nilikuwa nalo, nikamlaza humo nione, asubuhi nikakuta tenga lina mlango ambao msukaji wake hakuuweka. Boksi la kadibodi lililowa chini hata kabla hatujatoka uani. Ndoo yenye mfuniko niliitoboa matundu, nikaingiza mkono kupima, ukatoka na jasho, nikasema hapana, hapa nitampelekea mtoto mchuzi. Duka moja barabara ya bandarini walikuwa na kitundu cha plastiki, kina mlango wa waya na mpini, cha watu wanaosafiri na paka, bei elfu sitini na tano. Nikamwuliza muuzaji kama bei hiyo ni pamoja na paka.

Ndipo nikapita kwa Fundi Chilumba, nyuma ya soko, anayetengeneza milango, vitanda na majeneza. Juu ya rafu nikaona kiboksi cha mbao, kimepakwa rangi ya bluu, mfuniko una bawaba na komeo dogo, na juu ya mfuniko kachonga ua moja, zuri, la mkono wa mtu aliyetulia.

"Lile bei gani?"

"Elfu thelathini."

"La nani?"

"Mteja alilipa nusu, hakurudi."

Msinifanye mjinga, nilijua kiboksi cha ukubwa ule kwa fundi wa majeneza ni cha nini. Lakini nikajiambia halijatumika, mbao ni mbao, tena kama mtu kashalipa nusu basi fundi hana hasara. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, ila swali siku hiyo niliuliza mara moja tu. Nikalisema vumbi, nikaisema bawaba, nikaondoka, nikarudi, mwisho tukakubaliana elfu kumi na mbili pamoja na kutobolewa matundu ubavuni. Fundi akapokea hela bila kuzihesabu, jambo ambalo kwa mtu mwingine yeyote ningelitilia shaka.

Kesho yake stendi nikafika na boksi mikononi, nimelifunika kitenge cha mke wangu kwa ajili ya jua, nimejiandaa kubishana na kondakta juu ya pesa ya mzigo. Kondakta akafungua mdomo, upepo ukainua kitenge, akaona bluu, akaona ua. Akavua kofia.

"Pole sana kaka. Huo hautozwi. Njoo ukae mbele. Unampeleka kwa nani?"

"Kwa Mwalimu Hilda, yule mgeni wa Kitaya."

Hapo ndipo. Neno moja tu, "sungura", na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na mzigo ulikuwa bure, nami sijawahi kukataa punguzo ambalo sikuliomba. Nikakaa. Gari zima likashusha sauti, dereva akazima muziki. Diwani naye, ambaye nyumbani hatulii, kwa hofu ya mngurumo akaganda kama jiwe. Mama mmoja nyuma yangu akaniwekea mkono begani.

"Pole baba. Huyo ni malaika, kawatangulia."

"Asante mama," nikasema. (Asante! Hilo ndilo linaloniamsha.) Kondakta nilimwona anaongea na simu huku ameziba sikio moja, nikadhani anaulizia abiria wa kurudi.

Tulipofika Kitaya nikakuta vijana wamesimama barabarani na majembe. Wakanipokea bila maneno, wakanitembeza hadi kwa dada yangu. Uani mikeka imeshatandikwa, wanawake wamejaa, na katikati yao Hilda analia kwa sauti kuliko wote, maana aliambiwa kaka yako analeta maiti, hakuambiwa ya nani. Akanikamata shati.

"Nani kafa, Festo? Ni mama? Niambie, ni mama?"

"Hapana, Hilda, hakuna..."

Lakini mzee mmoja alikwishalipokea boksi mikononi mwangu, taratibu, kama watu wanaojua vitu kama hivyo hupokewaje, akalilaza mkekani, akainua viganja, akaanza dua. Wote wakainamisha vichwa. Nikasema nitangoja amalize, kumkatiza mzee anayeomba ni utovu wa adabu. Naye Diwani, kwa kuwa sasa hakuna mngurumo wa gari, akapiga teke.

Ngo. Ngo, ngo.

"Nnungu wangu!" akapiga kelele bibi mmoja, akimwita Mungu kwa Kimakonde, na uwanja ukagawanyika, majembe yakaanguka, waliokuwa mbele wakawa nyuma. Mtu mmoja tu ndiye aliyekwenda mbele. Mwanamke mwembamba, kanga imemvuka hajali, kajitupa magotini juu ya boksi anapambana na komeo kwa kucha.

"Yu hai! Jamani yu hai, fungueni! Anakosa hewa!"

"Shukuru, mama, ngoja," Hilda akasema, na hapo ndipo nilipojua ni nani.

Mfuniko ukafunguka. Diwani akaruka, na yule mama akamkumbatia kifuani kabla hajajua amekumbatia nini.

Kijana mmoja akacheka. Wakafuata wengine, kicheko kile cha watu walioogopa. Nami nikacheka, tena kwa nguvu, nikidhani kicheko kitaniokoa.

Shukuru hakucheka. Alikuwa anautazama mfuniko. Akapitisha kidole kwenye ua, jani moja moja, mpaka uwanja ukanyamaza wenyewe.

"Amosi," akaita. Bwana shamba alikuwa penye lango la uani, kofia ya pikipiki mkononi, hasogei. Shukuru akanigeukia mimi. "Kaka, hili umelitoa wapi?"

"Kwa Fundi Chilumba, nyuma ya soko, elfu kumi na mbili," nikasema. (Mungu anisamehe, bei ilitoka yenyewe.)

"Mwanangu amelala ndani ya boksi la bluu lenye ua," akasema polepole, kama anayetukumbusha. "Mimi mwenyewe nililiomba ua. Nilikuwa kitandani nimeshonwa, siwezi kuinuka. Ulirudi wodini, Amosi, ukaniambia umemlaza humo."

"Rangi haikuwa imekauka," Amosi akasema. "Gari linaondoka, Shukuru. Ningengoja mpaka lini na mtoto mkononi?"

"Ulimzika na nini?"

Nikatazama wanawake pale mkekani, kila mmoja anatazama miguu yake. Walikuwepo mazikoni wote. Kijiji kizima kilijua, kikamfichia, kikabeba jambo lile kwa adabu siku zote hizo, mpaka nilipokuja mimi na punguzo langu.

"Na shuka," Amosi akasema. "Shuka letu."

Shukuru akampa Hilda sungura, akaokota kanga yake, akajifunga, akaenda kwake. Amosi akafuata nyuma, mbali kidogo. Mzee wa dua akakunja mkeka, akaniambia bila hasira, "Wewe mgeni, siku nyingine ukipewa pole, uliza unapewa ya nini."

Diwani mzima, Glori anakula. Shukuru haji tena kwa dada yangu, na Hilda maji anayafuata peke yake. Hajanigombeza, na mimi ningelipa nigombezwe. Boksi nilirudi nalo mjini ndani ya gunia (kitenge kilipotelea kwenye mkanyagano ule), nimeliosha, nimeapa kutonunua tena kitu kwa swali moja.

Jana Hilda kapiga simu, kwa sauti ya mtu anayesoma ujumbe wa mwingine: Shukuru analitaka boksi lake. Hakusema la nini. Anauliza bei, na amesisitiza hataki bure ya mtu aliyecheka.

Nimeuza sokoni tangu sijaota ndevu, sijawahi kukosa bei. Nikisema elfu kumi na mbili, nitakuwa nimemwuzia mama jeneza la mwanawe. Nikisema si kitu, nitakuwa nimemnyima hata haki ya kulilipia. Gari la Kitaya linaondoka asubuhi, nami lazima nitume jibu pamoja na mzigo. Ninyi mlio na watoto, nisaidieni: nimwambie shilingi ngapi?