Mapigo Kumi na Moja ya Kimya

Mume wangu Wendell hutengeneza matanuri ya kupashia nyumba joto hapa mjini Erie, na kwa miaka ishirini na miwili amenichosha na wimbo mmoja. Ni wa bendi ya Glass Tannery, una dakika kumi na tisa. Wenyewe huuita muziki wao metali ya progresivu, magitaa ya kunguruma na midundo ya kubadilika-badilika. Mimi naiita metali ya mahesabu, maana mashabiki wake hawachezi, wanahesabu. Wendell huhesabu mapigo saba kwa vidole kwenye usukani. Huhesabu tano kwa uma mezani mpaka pierogi nilizompikia, vile vibunda vya unga vyenye viazi ndani, zinapoa.

Katikati ya wimbo huo bendi nzima hunyamaza ghafla. Mapigo kumi na moja, kimya kabisa, kisha ngoma zinaporomoka. Wendell alitaka kitu kimoja tu duniani: kukisikia kimya hicho ukumbini, watu wamejaa na hakuna anayekohoa. Kwenye onyesho la mji wa Buffalo, mlevi alipiga mluzi katikati ya kimya. Kule Pittsburgh watu walidhani wimbo umekwisha, wakapiga makofi. Mara zote mbili alirudi nyumbani kama mtu aliyefiwa, nami ndiye niliyemfariji, sijui kwa kosa gani.

Safari hii bendi ilikuja hapahapa kwetu, kwenye jumba la zamani la sinema, na ilikuwa imetangaza kwamba hiyo ndiyo ziara yake ya mwisho. Baada ya hapo, basi.

Alianza kunitia aibu mlangoni.

"Samahani ndugu yangu," akamwambia jamaa mmoja mwenye ndevu, bia mkononi, "wimbo wa mwisho unaujua?"

"Mzee, nimeuchora tatuu mgongoni."

"Basi unajua pale katikati..."

"Kumi na moja. Najua. Tulia, mzee wangu."

"Wendell, waache watoto wa watu," nikasema.

"Wewe Marcy hujui. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Jamaa akacheka, akasimama kando yetu. Wendell hakucheka. Bendi ilipoanza kupiga, watu wakapiga makofi kwa nne, naye akawa anawapigia kelele, "Ni saba! Saba, jamani!" Nilitamani sakafu inimeze.

Wimbo ukafika. Dakika ya tisa, ya kumi, Wendell akanishika mkono. Kisha bendi ikanyamaza.

Na watu wakanyamaza! Elfu moja na zaidi, wamevaa nyeusi, wamefumba macho, midomo inahesabu. Hata barafu kwenye vikombe haikulia. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo nisielewe anataka nini, na pale nikaelewa.

Pigo la nane, jamaa mwenye ndevu akafumbua kinywa.

"NYAMAZA WEWE!" Wendell akanguruma.

Jumba zima likageuka. Mpiga ngoma akaangua kicheko, akakosea kuingia, na wimbo ukaendelea hivyohivyo, umeharibika, huku watu wakicheka mpaka mwisho. Yule jamaa alimtazama Wendell kwa huruma, kitu ambacho kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Nilikuwa napiga mwayo tu, mzee," akasema.

Garini Wendell alikaa na ufunguo mkononi, hawashi.

"Alitaka kupiga kelele, Marcy. Nilimwona."

"Alitaka kupiga mwayo! Watu elfu moja wamenyamaza, mmoja tu ndiye kashindwa, na ni wewe!"

"Nilidhani..."

"Yalikuwa yamebaki mapigo matatu tu! Matatu, Wendell! Manane yameshapita, hujapungukiwa na kitu, unafungua domo!"

Akageuka, akanitazama.

"Kumbe na wewe ulikuwa unahesabu?"

"Washa gari," nikasema, nikageukia dirishani, maana machozi yalikuwa yananilengalenga na sikutaka ayaone.