Raba za Mradi na Goti la Parsaloi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa hata kiti. Mkuu wa karakana alinipeleka kwenye sinki lililoganda plasta, akanipa bisibisi ya kuikwangulia, akaenda zake. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha ufundi wa viungo bandia na kiburi cha kukitosha, lakini nilikwangua mpaka saa sita. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya hospitali moja mjini Kajiado, na kukiwa na jua mlikuwa mnaiva humo pamoja na plastiki.

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mnachorewa kigutu na kompyuta, kwa hiyo nieleze tulivyofanya. Kigutu ni sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa. Tulikizungushia bandeji ya plasta tukapata umbo lake, na juu ya umbo hilo tukavuta plastiki ya moto kutengeneza soketi, yaani kikombe ambamo kigutu hukaa. Chini ya soketi kuna bomba, na chini ya bomba kuna wayo bandia. Kwenye maungio kuna skrubu ndogo, na kazi yote iko kwenye hizo skrubu. Ukizungusha kidogo, mtu anatembea. Ukikosea kidogo, anaumia, na wengi hawatakuambia kwa sababu wanakuita daktari.

Mchana huo mkuu alinipa mgonjwa wangu wa kwanza, mzee mmoja muuza mbuzi. Nilimvua viatu, nikamsimamisha, nikaning'iniza timazi kando ya mguu kuona kama umenyooka. Nilijiona fundi kamili. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kiatu yake iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimekiweka kando.

"Sasa unapima mguu ya nani? Huyu anaenda nyumbani na hiyo kiatu. Mvalishe, uanze tena."

Alinieleza baadaye, tukinywa chai, na hakueleza mara mbili. Kisigino cha kiatu kikipungua upana wa kidole, mguu bandia wote unaegemea nyuma na goti linasukumwa nalo kila hatua. Na goti ndilo la kulinda. Aliyekatwa chini ya goti anaweza kupanda mlima na kuchuchumaa kisimani. Aliyekatwa juu yake anaanza maisha mengine kabisa. Mkuu yule alistaafu akiwa amelinda magoti mengi, na mimi nilidhani nimerithi macho yake.

Nilipelekwa Namanga, kwenye kliniki ya chumba kimoja karibu na mpaka, nikakaa huko miaka. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori, matanboi wao na akina mama wanaouza shanga. Msimamizi wa kliniki alikuwa mtu wa kulalamika, lakini aliniacha nifanye kazi yangu, na sidhani kama nilimharibia mtu yeyote mguu. Naisema hiyo kwa sababu baada ya hapo siwezi kuisema tena.

Karibu na kustaafu niliazimwa kwa mradi wa utafiti wa mwendo wa binadamu, Kitengela. Kulikuwa na ukumbi wenye sakafu laini, kamera pande zote, na bamba la chuma lililozikwa sakafuni kupima mtu anavyokanyaga. Tulimbandika mtu vitufe vya kung'aa nyongani, gotini na kwenye kifundo, akitembea kamera zinavifuata, na mwendo wake unatokea kwenye skrini ya ukutani kama mstari. Mtafiti Mkuu alikuwa daktari mdogo kwangu kiumri, msomi na mpole. Niliipenda ile kazi, siwezi kudanganya. Maisha yangu yote mikono yangu ilijua mambo ambayo hakuna aliyeuliza, na sasa yalikuwa yanaonekana ukutani.

Utaratibu wa mradi ulikuwa mkali. Ili vipimo vilinganishwe, kila mshiriki alipewa raba nyeupe za aina moja, zenye kisigino kilichoinuka, na skrubu za mguu zilirekebishwa akiwa amezivaa. Baada ya hapo skrubu haziguswi mpaka ziara ya nne.

Mshiriki wa saba aliitwa Parsaloi, mfugaji wa Mashuuru, mtu wa makamo. Lori lilikuwa limemgonga akivusha ng'ombe barabarani, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alinisalimu kwa Kimaasai, "Sopa", nikamwitikia "Epa", na tukaelewana tangu hapo. Nilimuuliza anavaa nini nyumbani. Akainua mguu mzima kunionyesha akala, ile ndala ya tairi, bapa kabisa, haina kisigino hata cha kusingizia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mtafiti Mkuu.

"Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini tukimbadilishia mmoja, hatuna utafiti tena. Si tumempa raba? Atavaa."

Ilikuwa hoja nzuri. Nikarudi, nikamrekebishia Parsaloi skrubu akiwa na raba.

Ziara ya pili mstari wake ulikuwa umetulia. Ya tatu, goti lake kwenye skrini lilikunjika na kunyooka karibu sawa na la mtu mzima wa miguu miwili. Vijana wa kompyuta walipiga makofi. Mtafiti Mkuu alinishika bega mbele ya wote, na nikafurahi kama mtoto.

Kisha nilipiga magoti nimvue raba, nikaona soli. Zilikuwa nyeupe. Chini ya moja bado kulikuwa na kikaratasi cha namba ya dukani. Hakuna mtu anayefuata ng'ombe Mashuuru akabaki na soli kama ile. Nilielewa papo hapo: nyumbani alivaa akala, na raba alizivalia stendi ya Kitengela akija kwetu. Kwake huwezi kwenda mbele ya watu waliokuheshimu na kiatu cha kufuatia mifugo. Alitutunzia zawadi yetu.

"Daktari, mguu iko sawa?" akaniuliza.

Ufunguo wa skrubu ulikuwa mfukoni mwa koti langu. Kazi ya dakika mbili. Lakini ningeigusa skrubu, vipimo vyake vyote vingetupwa, na ule mstari mzuri nao. Tulikuwa tumebakiza ziara moja. Nilijiambia atavumilia.

"Iko sawa," nikamwambia.

Wala sikuitoa soketi nikague ngozi. Siku hiyo ratiba haikuwa na kukagua ngozi.

Ziara ya nne hakuja. Nilipiga simu, mkewe akasema mzee ameshikwa na homa. Walipomleta, kigutu kilikuwa na kidonda nyuma, chini kabisa, mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona. Ulikuwa msimu wa ukame, alikuwa akiswaga ng'ombe mbali kutafuta nyasi, na kila hatua ya akala ilikuwa ikikandamiza pale pale. Usaha ulikuwa umepanda. Hospitalini walimkata juu ya goti.

Nilimwambia Mtafiti Mkuu habari ya soli. Akauliza kama nilikuwa nimeandika mahali. Nikasema hapana. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba mshiriki wa saba alijiondoa kwa sababu ya ugonjwa, na vipimo vyake vitatu vikatumika. Humo bado anatembea vizuri.

Niliagwa kwa keki na saa ya ukutani. Vijana hunijia hapa nyumbani Kitengela kuniuliza nimejifunza nini kazini, wakitaka kitu cha kuandika. Sina. Mambo ya kiatu yako vitabuni na yalikuwa kichwani mwangu tangu siku ya kwanza. Nilijua, nikaona kwa macho yangu, nikanyamaza kwa sababu nilipenda kusifiwa. Sijui kijana anafundishwaje asiwe hivyo. Nikilala naona zile soli, na siku hizi siombi tena ziniondoke.

Mwezi uliopita Parsaloi alikuja kunitembelea, kwa magongo. Mguu wa pili aliotengenezewa hauvai, unamwangusha kwenye mawe. Ng'ombe wanachungwa na ndugu yake. Nilimpa chai, na kwa mara ya kwanza nikajikaza kumwambia ukweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo akanitangulia.

"Daktari, nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Ile mguu ulinipa ilikuwa nzuri. Ni mimi niliharibu. Raba yenu niliweka kwa sanduku, nikavaa akala, na kila nikikuja nakudanganya. Hii kitu imenisumbua sana."

Alikuwa ametazama sakafu kwa aibu. Nilimwambia nimemsamehe, na akanishukuru.