Hodi ya Tatu

Mimi mtu wa Gazi, na mtu wa Gazi habebi maji. Kwetu ukishikwa na kiu unafukua mchanga tu, maji hayo. Ndiyo maana siku ile, miaka ya hamsini, nilipanda milima ya Shimba na mama nikiwa na kapu la ng'onda, samaki wakavu wa chumvi, kichwani, bila hata tone la maji. Mama, aliyezaliwa nyuma ya milima ile, alinicheka.

"Haya, fukua mawe."

Tulikuwa tunakwenda kwa mjomba, kaka yake mkubwa. Nilikuwa nimeposwa, na kwetu Wadigo mjomba asiponena hakuna harusi. Lakini mama aliolewa na mvuvi bila ridhaa ya kaka yake, naye akamwambia asimkanyagie mlango tena. Tangu siku hiyo hawakuwa wameonana, na mimi nilikuwa mwari mzima.

Njia ilikuwa nyembamba, imesimama wima, changarawe zikiteleza chini ya nyayo. Msituni tukakuta kinyesi cha ndovu bado chafuka moshi. Mama alinishika mkono. Matawi yalivunjika karibu, kisha kimya. Kiu yote ikanitoka kwa hofu.

Adhuhuri tulifika Mlangoni, pale vilima viwili vinapoachana. Nikageuka nyuma. Subhanallah! Bahari niliyozoea kuipima kwa magoti ilikuwa imetanda mpaka inashikana na mbingu. Mikoko ya Gazi, ambayo ningeweza kupotea ndani yake, ningeifunika kwa kiganja kimoja. Nililia, na sioni haya kusema.

Nyumba ya mjomba ilikuwa chini kidogo tu ya pale, upande wa pili, moshi ukitoka jikoni. Mgeni hakuruhusiwa kushuka bila kupiga hodi Mlangoni, mara tatu. Asipoitikiwa, hugeuza njia.

Mama akapiga ya kwanza. Sauti ikazunguka bondeni, jogoo akawika. Akapiga ya pili. Kimya.

Akafunga mdomo.

"Mama, imebaki moja."

"Naijua. Nikiipiga asiitike, mwanangu, ndiyo basi tena. Nikiibakisha, ninayo."

Akaketi kando yangu, akaielekea bahari. Tukaitazama muda mrefu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndovu, maana sikuwahi kumwona mama akishindwa na neno.

Ghafla sauti kavu ya mzee ikapanda kutoka chini, imejaa hasira:

"We mdogo wangu! Hodi gani hiyo yakatikia njiani? Nimesimama uani nangoja ya tatu, wanikausha juani kama ng'onda!"

Mama akainuka, akajifuta uso kwa leso. Akafungua mdomo kuita, sauti ikakataa.

Hodi ya tatu niliipiga mimi, kwa koo langu lile lile lililokauka.