Mgongo wa Muuza Viazi Karai

Muuza viazi karai wa soko la kando ya mto, huko Mowlem, huwapa wateja mgongo. Macho yake huwa kwenye tairi kuukuu lililofukiwa nusu ukingoni, na hata jua liwake vipi, havui viatu vyake vya gambuti. Mishi, ambaye kila Jumamosi hupita hapo akishanunua mboga, ameuzoea mgongo huo mpana, mkono mmoja ukigeuza viazi na mwingine umeshika kamba iliyofungwa mezani, tayari kuivuta. Mafuta yake huyachuja kwa kitambaa, lisipotee hata tone.

Jumamosi hii anga lilikuwa jeupe, halina wingu. Mishi alikuwa anamalizia kiazi cha pili alipomwona mama muuza viazi akiinua karai na kuyamwaga mafuta yote chini. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamgeukia.

“Huko juu imenyesha,” alisema polepole. Maji ya mto yalikuwa yamelifunika lile tairi. “Si wewe hukaa ile ploti ya chini, karibu na mto? Watoto umewaachia nani, mwanangu?”

Mishi alikuwa ameufunga mlango kwa nje, wasije wakaenda kucheza mtoni, na ufunguo alikuwa nao mkononi.