Kufika Afrika Bila Kufika kwa Mama

Makena alikuwa kwenye treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Gatwick, mchanga ungali viatuni, aliposoma maneno mawili ya kaka yake katika kundi la WhatsApp la familia: "Karibu Afrika." Hakuna salamu, hakuna kicheko. Protas si mtu wa maneno machache, na hapo Makena akajua mambo yameharibika.

Nieleze kosa lenyewe, maana asiyetoka kwetu atadhani ni jambo dogo. Makena ni muuguzi, amepanga chumba Kilburn, jijini London, juu ya duka la simu. Kipindi chote cha baridi alifanya kazi shifti juu ya shifti, mpaka siku moja akasinzia amesimama kwenye kituo cha basi. Akaomba likizo fupi, wikendi na Ijumaa yake, akaenda Gambia, kwenye pwani tulivu ya Kartong, mahali asipokuwa na mjomba wala shangazi. Mama yake kule Nakuru aliambiwa kwamba binti yuko kazini wikendi nzima. Sasa, ukiishi ng'ambo unaweza kwenda Hispania ukarudi na asiulize mtu. Lakini kukanyaga Afrika usifike kwenu ni tusi. Ni kama kupita mlangoni kwa mama yako ukaenda kula kwa jirani.

Mbona hakwenda kwao? Hapa mimi namtetea, na anayetaka kununa na anune. Mara ya mwisho alipokwenda Nakuru alitaka usingizi tu. Aliupata siku ya kwanza. Kesho yake sebule ilijaa: binamu wa karo, jirani wa mguu mbaya, katekista na paa la kanisa. Alirudi London amechoka kuliko alivyoondoka. Kartong alikula samaki, akalala, akaamka, akalala tena, na mawimbi hayakumwomba kitu.

Kilichomponza ni picha. Kule Gambia ng'ombe hushuka ufukweni mchana wakajilaza mchangani, na Makena alipowaona alicheka peke yake, akawapiga picha na kuiweka kwenye status. Alikuwa ameshaificha isionekane na mama, Protas na ndugu wote aliowakumbuka. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Shangazi Nekesa wa Webuye, dada ya marehemu baba yake, alikuwa amebadilisha laini, na namba ile mpya Makena hakukumbuka kuifichia picha. Makena alipokumbuka aliifuta picha mbio, ila Shangazi alikuwa amekwisha kuitazama. Mwanamke huyo amefuga tangu utotoni. Aliwaona ng'ombe wadogo, wa kahawia, mbavu zinahesabika, akampigia mama yake Makena na kumwambia kwamba hao si ng'ombe wa Wazungu, hao ni wa Afrika, na mtoto yuko karibu kuliko anavyosema. Kufikia jioni kulikuwa na waliosema yuko Mombasa.

Mama hakupiga simu Jumapili ile. Yeye hupiga kila Jumapili baada ya misa, hata akiwa na homa. Makena alimpigia kutoka kwenye treni, simu ikalia mpaka ikakatika. Alipofika Kilburn akapiga tena, begi likiwa bado mlangoni. Kesho yake alipiga kabla ya kuingia wodini, na tena wakati wa chakula, amesimama kwenye korido na sahani ikipoa mkononi. Kimya.

Aliogopa, na alikuwa na sababu. Mama huyu akinuna, ananuna kweli. Aliwahi kumnunia dada yake wa tumbo moja kwa ajili ya harusi, na hawakusemezana tena mpaka dada akazikwa. Makena hakula vizuri siku hizo, na kila simu ilipotetemeka mfukoni aliichomoa mbio. Njenga, mwenzake wa wodi, alimpa ujanja wa haraka.

"Sema tu ulikuwa kwa training ya kazi," alisema. "Nani ataenda kuangalia?"

Alilifikiria hilo njia nzima ndani ya basi, na kusema kweli alikaribia kulikubali.

Jumatano mama alipiga mwenyewe, kwa video. Makena alikuwa jikoni. Uso wa mama ulijaa kioo cha simu, na haukuwa na tabasamu.

"Ulikuwa wapi?"

"Gambia, Mama."

"Gambia kuna nani wetu?"

"Hakuna mtu."

Makena akaona ni heri yaishe, akasema yote. Alisema alidanganya. Alisema amechoka mpaka mifupa inauma, na kwamba akija nyumbani hapumziki, na siku hizi hata kukata tiketi ya kwenda Nakuru anaogopa. Alingoja simu ikatwe.

Mama aliinuka, akafunga mlango wa chumba, akarudi kukaa. Alisema kwa sauti ya chini.

"Sasa nisikize. Unafikiri ukija mimi hulala? Napikia umati, naosha masufuria mpaka mgongo unakataa, na wewe mwenyewe sikuoni. Mwaka jana uliposema huji, nililia mbele ya watu. Nilipobaki peke yangu, nilimshukuru Mungu."

Maneno yale yalimchoma Makena, hata kama yalikuwa yake mwenyewe yakitoka kinywa kingine. Alikaa chini sakafuni, simu mkononi, akilia na kucheka pamoja, na mama akamwacha amalize.

"Mwaka ujao usije hapa," mama alisema. "Tukutane hukohuko Gambia. Protas nitamwambia nimeenda mafungo ya kanisa."